Pale Kwaya Inaponyamaza

Juni tarehe kumi na moja, mwaka jana, nilimpoteza mume wangu, na nyumba yangu ikapoteza sauti ya besi.

Alikuwa mkulima wa maparachichi hapa Mbooni na mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Mwalimu wa kwaya alimwekea kwenye flashi muziki wa kwaya kubwa na okestra: watu wengi ajabu wakiimba Kilatini, fidla, tarumbeta, ngoma za kutikisa mabati. Mwanzoni sikuupenda. Nilimalizia masomo darasa la nane kule Kanyangi, Kilatini ningekitoa wapi? Lakini jioni tukichagua matunda aliniambia, "Wacha maneno. Shika sauti moja, uifuate." Nikashika alto. Tangu hapo hakuna aliyenitoa humo.

Karibu na mwisho kuna mahali kwaya yote inanyamaza ghafla, kisha inarudi kwa nguvu. Mume wangu hakuwahi kungoja. Kila mara aliingia mapema na besi yake, peke yake, halafu ananitazama kana kwamba wale wengine ndio wamechelewa.

Siku ya mazishi niliomba muziki huo upigwe. Mdogo wake, ambaye ni mzee wa kanisa, alikataa.

"Shemeji, huo si wimbo wa watu waliookoka. Hata hatujui wanamwomba nani."

Nilimwachia. Nilikuwa nimechoka. Sitadanganya kwamba nilisamehe.

Mwaka huu ibada ya kumbukumbu ilifanyika nyumbani kwangu. Ilipoisha, watu wakipewa chai, niliweka spika yangu juu ya kreti za maparachichi. Shemeji akanifuata mbio.

"Si tulimaliza haya maneno?"

"Wewe ulimaliza. Mimi sikuwa nimeanza."

"Watu watasema umehama kanisa."

"Waambie ni mjane anasikiliza muziki kwa boma lake. Ukitaka kuondoa spika, utaibeba na mimi nikiwa juu."

Mama mmoja wa kwaya akaangua kicheko. "Mzee, kaa chini unywe chai! Huyo utambeba na mgongo gani?"

Nikawasha. Ngoma zilipopigwa mbwa alitoroka hadi kwenye mahindi. Wengine walitazama vikombe vyao, wengine walinitazama mimi. Nilisimama kando ya spika na kufuata alto yangu. Sikulia.

Tukafika pale mahali. Kimya. Pasta, akidhani wimbo umekwisha, akainuka na kikombe chake, akasema kwa sauti nzito, "Amina!"

Kwaya nzima ikamwangukia. Aliruka, chai ikamwagika kwenye suti. Nilicheka mpaka nikakaa chini, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu Juni ile. Pasta aliingia palepale, kwa besi, mapema kama marehemu. Sikumweleza yeyote. Wacha waseme mjane amepata wazimu.

Wimbo ulipokwisha kweli, hakuna aliyethubutu kusema amina. Pasta alikuwa akijipangusa na leso. Shemeji alingoja, akangoja tena, ndipo akaniuliza polepole, "Sasa imeisha?"

"Huo, ndiyo. Kuna mwingine."

Nikaongeza sauti.