Siku Kisegi Walipokuja Suna

Enzi zetu hapa Suna hakuna aliyekuuliza unashabikia timu gani. Uliulizwa kwenu ni wapi, basi, maneno yakaisha. Karibu kila mtu mjini alikuwa ametoka mahali pengine, kwa hivyo Jumamosi watu waliketi uwanjani kwa makwao: Wakuria nyuma ya goli la juu, watu wa Rodi Kopany kando ya ukuta wa kanisa, na sisi wa ziwani karibu na mashine ya kusaga, tukila nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kutoka sufuria ya mama.

Baba alitoka Kisegi, kule ziwani, kuja kuuza omena, wale dagaa wadogo. Mimi nilizaliwa papa hapa, na kipa wa Suna alikuwa kinyozi aliyetunyoa sisi watoto wa mtaa. Niliipenda timu ile mpaka nikaiota. Baba hakutaka kusikia. "Hapa ni nyumba tu," alikuwa akisema. "Dala, boma la wazee wetu, iko Kisegi. Mtu anashangilia dala."

Halafu Kisegi wakaja kucheza na Suna. Kwa desturi, timu ya kwenu ikija mjini inakula kwako, na mama alisonga ugali wa kutosha arusi. Mimi niliwanawisha wachezaji mikono. Baba hakutulia kitini, anauliza ng'ombe wa nani amezaa, nani ameoa, mvua imefika wapi. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Mechi ikielekea kuisha, Suna wakafunga. Niliruka na kupiga kelele katikati ya watu wa Kisegi waliokaa kimya. Nilipogeuka nikaona uso wa baba. Hakukasirika. Alihuzunika, na hiyo ndiyo iliniuma. Njiani kurudi alimwambia mama polepole, "Kumbe tumezaa nyar Suna." Msichana wa Suna. Akaniita hivyo tangu siku ile, mwanzo kwa uchungu, baadaye kwa utani, hadi tulipompeleka Kisegi kumzika.

Siku hizi kijana wangu ana jezi ya timu ya Ulaya, ya mji ambao hata kwa ramani hawezi kukuonyesha. Ikifungwa, anasusa chakula. Wale wachezaji hawajui kama Suna iko duniani, lakini yeye analia nao.

Jumamosi iliyopita Kisegi walikuja tena. Nikamwambia twende. "Mum, hiyo mechi hata haiko kwa TV."

Nikaenda peke yangu na nyoyo yangu kwenye bakuli. Siku hizi watu wanakaa popote. Mashine ya kusaga ilishang'olewa, lakini nilikaa palepale ilipokuwa. Kipindi cha pili Suna wakafunga, na uwanja mzima ukasimama. Mimi nilishindwa kuinuka. Nilikaa na bakuli langu mapajani, natamani tu mtu aniite nyar Suna.