Kibuyu cha Bibi Siku ya Mahari Yangu

Baba yangu alikuwa Mmormoni wa kwanza kijijini kwetu Tlawi, na kwa miaka mingi alikuwa wa pekee, ukitutoa sisi wa nyumbani kwake. Alibatizwa Arusha alikokwenda kufanya kazi ya ujenzi. Akarudi na mashati mawili meupe, akamwambia mama kwamba kuanzia siku hiyo nyumba yetu haitapika pombe wala chai, maana dini yake imekataza vyote viwili. Mama aliacha pombe bila neno. Chai ndiyo iliyomtoa jasho. Asubuhi za kwetu ni za baridi kali, na mgeni asiyepewa chai huondoka akisimulia. Sisi tuliwapa maziwa ya moto, wakanywa, wakaenda kusimulia vilevile.

Kanisa lao la karibu lilikuwa safari ya siku nzima kwa basi, kwa hiyo baba alipewa ruhusa ya kuongoza ibada sebuleni. Tulikaa sita kwenye mabenchi, yeye na tai yake, kuku wakiingia na kutoka. Alimega mkate alioununua Mbulu mjini Jumamosi, kisha akatugawia maji kwa vikombe vidogo. Shuleni waliniita mtoto wa kanisa la maji. Nilipigana na wawili kwa ajili ya jina hilo, ingawa nyumbani hakuna aliyelalamika kunizidi. Mfungo wa kila mwezi niliuchukia kwelikweli.

Aliyeumia zaidi ni babu, baba yake baba. Katika ukoo wetu, mzee na mwanawe mkubwa hunywa pombe ya asali kutoka kibuyu kimoja, na kwa kinywaji hicho hicho hubariki watoto: hupiga funda, kisha humpulizia mtoto manyunyu. Baba alipokikataa kibuyu mara ya kwanza, babu alidhani anaumwa. Mara ya pili akasema, "Mwacha mila ni mtumwa. Asiyekunywa na mimi nitakunywa naye nini?" Tangu hapo, kwa miaka kumi na mmoja, alifika uani kwetu, akaitikia shikamoo zetu zote, na hakutia kinywani kitu chochote cha nyumba ile.

Nilipochumbiwa, wakwe walikubali mengine yote wakabakiza sharti moja: msichana ambaye baba na babu yake hawajambariki kwa asali, hawamchukui. Nilimkasirikia baba. Nilimwambia nimefunga kila mwezi kwa ajili ya Mungu wake, na yeye anashindwa kupiga funda moja kwa ajili yangu? Kesho yake akasema, "Changanya asali na maji, isichache. Hiyo nitaweza." Babu alipopelekewa habari alisema atakuja kutazama tu.

Mama alikuwa Dongobesh kwa dada yake akikusanya vyombo vya sherehe, kwa hiyo kazi niliifanya mwenyewe. Asali iliyotoka Mogitu ilikuwa imeganda. Nikakitoa darini kibuyu cha marehemu bibi, nikakisuuza, nikatia asali na maji ya vuguvugu, nikakiweka karibu na mafiga siku nne ili asali iyeyuke vizuri. Mwanamke yeyote wa Tlawi angejua mchanganyiko ule utakuwa nini. Mimi nilikulia kwenye nyumba isiyopika pombe. Nilisikia kikivuma ndani, nikafurahi kwamba asali inayeyuka.

Siku ya mahari wazee walikaa uani, nikapiga magoti mbele ya baba. Alikifikisha kibuyu mdomoni akaishia hapo. Harufu niliipata hata mimi. Akanitazama, akaona kwamba sikujua. Nasema wazi: wakati ule nilitamani anywe, kisha atubu baadaye.

Akakishusha. "Imechacha," akasema. "Siwezi."

Mjomba wa mchumba wangu akachukua fimbo yake, akaanza kuinuka. Nililia pale pale, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Babu akamwambia mjomba akae. Akakichukua kibuyu mikononi mwa baba, akaonja.

"Nani amepika?"

"Mimi, babu."

"Umefundishwa na nani?"

"Hakuna, babu. Nilidhani asali inayeyuka."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi bibi yako hakufa," akasema. Akapiga funda refu, akanipulizia usoni na kifuani, akaniombea watoto na ng'ombe wenye maziwa. Kisha akamgeukia baba. "Na wewe? Huyu ana baba mmoja tu. Mbariki kwa hicho unachoweza kunywa."

Baba akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati chenye maji. Akapiga funda, akanipulizia, akaomba kwa sauti ndogo kama alivyoomba sebuleni kila Jumapili. Wakwe walitazamana, halafu mjomba akailaza fimbo chini. Nilikuwa nimelowa chapachapa, na nilikuwa nimeolewa.

Baba alitaka kuyamwaga maji yaliyobaki. Babu akanyoosha mkono. Baba hakuelewa, akabaki amesimama na kikombe chake.

"Lete," babu akasema.

Akanywa pale pale mwanawe alipoweka mdomo, akayamaliza, akakipindua kikombe wote tuone.

"Maji yenu baridi sana," akasema. "Siku nyingine mnipashie moto."