Mshika Breki

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mshika breki wa treni ya michezo ya kupanda na kuporomoka kwenye bustani ya burudani, ile ya zamani ya reli za mbao, kusini mwa London. Asubuhi alizigonga nguzo za reli kwa nyundo, akisikiliza kama ipo iliyooza. Treni ikiporomoka abiria walipiga mayowe. Yeye, amesimama katikati ya mabehewa, alisema Bismillahi na kuvuta breki taratibu. Reli ilipobomolewa mwaka jana, msimamizi alimpa kipande cha ubao.

“Chukua, mzee, ukumbusho.”

“Maiti hagawanywi vipande, bwana,” akajibu, akaondoka mikono mitupu.

Baada ya hitima yake nilimwomba mkewe lile koti la kazi, lenye harufu ya mbao zile.

“Nimeshalifua, mwanangu,” akasema. “Linakwenda sadaka.”