Rangi ya Mageti Kwenye Tarumbeta Langu

Rangi waliyolipaka tarumbeta langu ni ya mageti. Nalisema hili mwanzo kabisa ili asitokee mtu wa kuniambia kwamba sikuelewa vizuri. Ni rangi ya mafuta, ya dhahabu, ile ambayo watu wanaojenga Same mjini huwapa mafundi wapake maua ya chuma kwenye geti. Fundi wa kazi hiyo alipandishwa huku milimani kwa pikipiki, akakabidhiwa matarumbeta saba ya usharika wetu, akayapaka yote. Kwa kuwa hakuna aliyemwambia asifanye hivyo, akavipaka na vitufe.

Tarumbeta lile nimelipiga tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Sasa nina wajukuu.

Si lile dogo lenye sauti kali linaloongoza wimbo. Langu ni la sauti ya pili, nene kidogo, unalipakata kama mtoto. Nililipata kwa sababu hakuna aliyelitaka. Aliyekuwa akilipiga alikwenda kusoma sekondari, na wavulana waliobaki wote walitaka sauti ya kwanza. Mwalimu wetu wa bendi, mzee aliyechimba jasi Makanya wiki nzima na kupanda kwetu kila Jumamosi, akatazama benchi la wasichana wa kwaya akaninyooshea kidole. Bibi yangu alikasirika. Alimfuata kanisani akamwambia mashavu yangu yatavimba na hakuna atakayenioa.

"Basi apige mpaka aolewe," mwalimu akamjibu.

Niliolewa, nikaendelea kupiga, na mashavu yangu hayana tatizo lolote.

Tarumbeta lina vitufe vitatu tu. Mwalimu aliandika kila noti ubaoni kwa namba: sifuri, usibonyeze kitu, moja, mbili, moja na mbili kwa pamoja. Mbili ndicho kitufe cha kati, na katika sauti ya pili kila baada ya maneno machache unakihitaji. Shida ya sauti ya pili ni kwamba haina wimbo wa kwake. Ukiipiga peke yako, wanaokusikia wanadhani hujui. Nilikuwa nafanya mazoezi shambani, kwenye tangawizi, na mama yangu alinifukuza zaidi ya mara moja akisema namharibia kichwa. Nilipomlalamikia mwalimu, alisema kazi yangu si kusikika, kazi yangu ni kuhakikisha wimbo haupwayi. Nilikuwa mtoto, nikaona nimepunjwa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa amenipa kazi kubwa kuliko ya wale wavulana.

Basi nikalitunza. Kila Jumamosi majivu na ndimu kwa nje, mafuta ya cherehani kwenye vitufe. Nimelibeba nikiwa na mimba nne tofauti, nikipanda na kushuka makorongo ambayo hata mbuzi anafikiria kwanza. Midomo yangu ina alama yake.

Sasa niseme kuhusu Pasaka, maana ndiyo iliyoniumiza. Huku kwetu wengi hatuziki makaburi ya pamoja. Kila ukoo unazika kwake, kwenye migomba. Kwa hiyo alfajiri ya Pasaka bendi huzunguka. Tunakwenda kila nyumba iliyofiwa tangu Pasaka iliyopita, tunasimama kaburini, tunapiga wimbo wa ufufuo beti zote, tunapewa chai, tunasonga mbele. Wenye nyumba hawaimbi. Wanasimama tu na makanga yao, wanasikiliza. Nimefanya kazi hiyo zaidi ya miaka arobaini kwa wafu wa watu wengine, na mwaka ule zamu ilikuwa yangu. Mama yangu tulikuwa tumemzika Novemba. Kitu kimoja tu nilikitaka, kumpigia mama yangu ile sauti ya pili aliyokuwa akiifukuza shambani.

Mwanzoni mwa Kwaresima likatoka tangazo kanisani kwamba mali zote za usharika zirudishwe ziandikwe kwenye orodha. Kulikuwa na jubilei mbele, na wageni wa usharika rafiki wangekuja kutoka ng'ambo. Nikalifunga tarumbeta kwa kitenge safi, nikalipeleka mwenyewe. Ujinga wangu huo. Jumapili ya pili yake tukayakuta yamepangwa mbele juu ya kitambaa cheupe, yanameremeta, na usharika mzima ukapiga makofi. Mimi nilikwenda mbele baada ya ibada, nikabonyeza kitufe cha kati. Hakikushuka. Nikabonyeza cha kwanza, nikabonyeza cha tatu. Nilikuwa kama nabonyeza jiwe.

Mwenyekiti wa kamati ya jubilei, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa amesimama palepale akipokea pongezi.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Umeona yanavyong'aa?"

"Hayalii."

"Yatalia tu. Wageni watataka kupiga picha."

"Mngetuuliza sisi tunaoyapiga."

"Tuwaulize ninyi?" Alishangaa kwa dhati, na hilo ndilo lililonichemsha damu. "Hiyo ni mali ya usharika, mama. Si lako hilo."

Ni kweli, si langu. Sijawahi kusema ni langu. Lakini naomba mtu anieleze, kamati ilikuwa wapi kitufe cha tatu kilipokatika kijiti chake cha ndani na mume wangu akakipeleka hadi Moshi kukiunga? Ilikuwa wapi miaka yote ya majivu na ndimu? Mali ya usharika ilikumbukwa siku ya picha.

Tulikuwa na wiki tatu. Wenzangu wakachukua mafuta ya taa na tina ya kuyeyushia rangi na vitambaa, wakasugua mpaka vidole vikababuka, na moja baada ya jingine matarumbeta yao yakafunguka. Langu kitufe cha kwanza kilikubali, cha tatu kikakubali. Cha kati rangi ilikuwa imeingia ndani kabisa ikaganda. Nikashuka nalo Same kwa fundi wa baiskeli mwenye mikono mizuri. Aliligeuza, akalinusa, akanirudishia. Akasema akiligonga bomba litapasuka, na hataki dhambi hiyo.

Nikamwendea tena mwenyekiti, nikamweleza kwa adabu zote nilizofundishwa.

"Si vitufe vitatu?" akasema. "Tumia hivyo viwili."

Nilitoka pale bila kuaga. Jambo hilo sijawahi kumfanyia mkubwa wangu yeyote, na sijajuta mpaka leo.

Alfajiri ya Pasaka tukaanzia kwetu. Nilisimama kwenye kaburi la mama yangu na tarumbeta lenye vitufe viwili. Nilipiga nilichoweza, na kila palipohitaji kitufe cha kati nilinyamaza. Wapiga sauti nyingine waliendelea, na pale nilipokuwa nanyamaza mimi nilisikia wimbo ukiwa mwembamba, wenye tobo. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, na nilimchukia mtu siku ya Pasaka. Mungu anajua.

Nyumba ya nne ilikuwa ya mwenyekiti. Mke wake alikuwa amefariki Julai, mama mpole aliyeimba alto, yaani sauti ya pili, kwenye kwaya kwa muda mrefu, kwa hiyo sauti yangu na yake zilikuwa moja. Mzee alikuwa ametusubiri kaburini tangu mapema, amevaa suti, kofia mkononi. Tukapiga beti zote. Tulipomaliza hakutukaribisha chai. Alibaki amesimama, akanitazama mimi.

"Mama, mbona kuna mahali mnaacha?" akauliza taratibu. "Sauti yake ile. Kuna mahali siisikii."

"Hatuachi, mwenyekiti. Hapo ndipo palipo na rangi."

Alitazama tarumbeta, akatazama kaburi.

"Rudieni," akasema. "Tafadhali, rudieni."

Tulirudia, beti zote, na kila tulipofika pale nililishusha tarumbeta nikamtazama usoni mpaka wenzangu walipopita.