Jina la Baba Mkwe Kwenye Marejeleo

Dkt. Nyamongo, msimamizi wa tasnifu ya Kemuma, aliisukuma mezani kama mnunuzi anayerudisha ndizi mbichi.

"Mwalimu, huyu 'mzee mmoja wa Nyamache' ni nani?"

Kemuma alijikohoza. Alikuwa akifundisha muhula mzima na kusomea digrii likizoni. Nusu ya kazi yake, kuhusu namna mipaka ya mashamba ilivyowekwa kabla ya majani chai kuja, ilitoka kinywani mwa mzee huyo, mama mkwe akiwa katikati kupeleka maswali na kurudisha majibu. Mzee mwenyewe alikuwa baba mkwe wake. Na mke wa Kisii hatamki jina la baba mkwe, wala haliandiki. Ndiyo chinsoni, heshima aliyoolewa nayo.

"Niandike Baba Machogu?" Machogu alikuwa mumewe.

"Kina Baba Machogu ni wangapi Gusii nzima? Nataka jina, mahali na tarehe. Bila hivyo nitasema umejitungia, na Novemba hutafuzu."

Mumewe angeweza kuliandika, lakini jina la mzee haliwekwi kitabuni bila yeye kutaka. Kemuma alikulia kwenye ndizi za mamake soko la Nyakoe. Mnunuzi akisitasita, unaanza kufunga mkungu uende zako.

Jioni alimwita mama mkwe, Nyanchera, kwa sauti ya kuvuka ua. "Mama, mwambie mzee maneno yake nayatoa. Naweka ya mzee wa Birongo. Jina lake linaandikika."

"Birongo?" sauti ya mzee ikanguruma ng'ambo ya ua. "Hao wanajua mpaka gani? Hata kuku wao hulala kwa jirani!"

Kesho yake mzee alivaa koti la kanisani, akamkokota Machogu hadi Kisii mjini, kwenye duka la Pankaj, ambako Sejal, binti wa mwenye duka, alikuwa akiipiga taipu tasnifu hiyo.

"Andika, binti. Nyabuto, Josiah. Mahojiano. Nyamache. Agosti 1994. Umeweka Nyamache?"

"Nimeweka, mzee."

"Irudie, nisikie."

Novemba, mbele ya watahini, Dkt. Nyamongo aliuliza maneno ya mipaka ni ya nani. Kemuma akainamisha macho, akatia kidole kwenye mstari.

"Ya huyu. Palipo na jina lake ni yake. Kwingine kote ni mimi."

Akafuzu.

Siku ya soko, Josiah Nyabuto alizunguka Nyamache na nakala ya ukurasa ule mfukoni. Kila aliyemsalimu alisomeshwa.

"Sasa nitafutie wa Birongo hapo," alisema. "Utakesha."