Mwanamwema na Makaa ya Peru

"Hivi dada Mwanamwema, ni kweli Wazungu wanakulipa kwa kuosha makaa?"

Aliyeuliza ni Adelina, jirani yake wa mtaa wa Thamesmead huko Ulaya, mwenyeji wa Bukoba. Mwanamwema alicheka hata mtandio ukamteleza.

"Wanilipa, mwenzangu. Tena makaa yenyewe hata chai hayachemshi!"

Ndiyo kazi aliyoipata, yeye mtu wa Wete aliyehama baada ya Mapinduzi. Katika maabara ya chuo kimoja alikaa na kioo cha kukuzia na kikoleo chembamba, akichambua vizizi katika makaa yaliyotoka Peru, kwenye milima ya Andes. Huko kuna kilima walichoishi watu karne kwa karne. Nyumba ikianguka, wanajenga nyingine juu yake. Makaa ya kila tabaka yalikuja na kifuko chake, akishayasafisha, mashine inapima umri wake.

Mwaka wa themanini na tisa mashine ikatoa kioja. Makaa ya tabaka la juu yalikuwa na miaka mia nne zaidi ya yale ya chini. Mtoto kamtangulia mama kuzaliwa!

Bwana James, mkuu wa maabara, hakuishuku mashine. Siku moja wafanyakazi wakinywa chai, Mwanamwema kakaa nao amefunga Ramadhani, James akasema, "Kuna mtu amechanganya vifuko." Jina hakutaja, macho yake yalimtaja Mwanamwema.

Kesho yake kabati likatiwa kufuli. Geeta, wa meza ya pili, aliyezoea kumwazima hata miwani, akawa anachungulia trei ya Mwanamwema kila akitoka mwenyewe. Akiingia Mwanamwema, mazungumzo yanakatika. Ikavuma kwamba mkataba wake hautaandikwa tena.

Shaka ni kama ukungu wa ukutani, ukianza pembeni hausimami. Mwanamwema naye akamshuku Geeta. Mbona anachungulia sana, au anaficha lake? Kisha, maskini, akajishuku mwenyewe. Labda saumu ilimlegeza akasinzia? Akaswali, akamwomba Mola amwonyeshe kosa lake kama lipo.

Asubuhi akasoma upya kibandiko cha kifuko cha tabaka la juu, neno kwa neno. Akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wake.

"Bwana James, makaa haya ni ya mti wa paa?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Baba yangu alipojenga, boriti alizitoa nyumba ya babu yake iliyobomoka. Boriti nzima haitupwi. Nyumba ilikuwa mpya, miti ya marehemu. Na hao wa mlimani, kusikoota miti, ndio watupe?"

James akakivuta kifuko, akasoma kibandiko mwenyewe.

"Jikoni mwa nyumba hiyo ya Peru, ya tabaka la juu, zimeokotwa punje za mahindi zilizoungua. Pimeni hizo. Mahindi hayarithiwi, Bwana. Huvunwa yakaliwa."

Wiki sita zikapita, kufuli bado iko kabatini. Majibu yakarudi: punje zilikuwa changa kuliko makaa ya chini, kila tabaka limekaa mahali pake.

James alimfuata kwenye ujia, peke yake, na boksi la chokoleti. "Mkataba wako utaandikwa," akanong'ona. "Yaliyopita tuyaache."

Mwanamwema hakulinyooshea mkono boksi lile. Akasema kwa upole:

"Ulinishuku mbele ya watu. Nakuomba uniombe radhi mbele ya watu walewale."