Kaa Chini ya Unyayo

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kiponda, miguu ya shangazi yangu Bi Kheri ilikuwa na majina mengi kuliko mwenyewe. Yeye akisema imekufa ganzi. Bibi akisema ni upepo. Jirani yetu alisema kakanyaga pabaya, tena kwa mnong'ono uliosikika mpaka barazani.

Bi Kheri alikuwa akiteremka ngazi, kandambili moja ikamchopoka, naye akaenda zake bila habari. Watoto tukimcheka, na yeye akicheka nasi. Pia alikuwa akinywa maji kutwa kama anayefuturu. Hilo halikupewa jina.

Akaitwa fundi wa kupunga pepo kutoka Mtoni. Ilikuwa alasiri, chumba cha nyuma, wanawake wamejaa, ubani unafuka chetezoni. Bi Kheri alisimamishwa katikati, kafunikwa kanga kichwani, akayumbayumba na nyimbo mpaka akakipiga chetezo kikumbo. Makaa yakamwagika. Moja likaingia chini ya unyayo wake, naye akalisimamia.

Kwanza ulinuka ubani. Kisha ikaja harufu nyingine, ile ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa.

"Mama, shangazi anaungua," nilisema.

Mama akaniziba mdomo. Fundi akainua mkono. "Mwacheni. Mgeni keshapanda. Moto haumuumi."

Vikapigwa vigelegele. Chini ya kanga ikatoka sauti ya Bi Kheri, ile ile ya kila siku: "Kuna nini? Mbona mwanishangilia?"

Watu wakaangua kicheko. Jini ana adabu huyu, jirani alisema.

Kidonda kikaitwa muhuri wa mgeni, na fundi akakataza kisiguswe na dawa ya hospitali. Kikapakwa mafuta na majivu ya ubani. Bi Kheri akawa anakikanyagia hivyo hivyo, sokoni na kurudi. Akisema angalau hakiumi. Udi uliposhindwa kuficha harufu, baba akampeleka hospitali. Mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari alimwambia baba kwamba sukari ilikuwa imekula mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari za maumivu. Ramadhani haikumkuta. Mpaka leo Bibi anasema hospitali ndiyo iliyomuua, maana aliingia na miguu miwili.

Baadaye nilisoma chuo, Tunguu, na wenzangu walipowacheka watu wa pepo sikuwa na hamu ya kuchangia. Jina alilolitoa daktari lilikuwa la kweli, lakini lilikuja kaa limeshazimika. Na mimi majini sina ugomvi nao. Ninachokirudia ni ile harufu. Chumba kile hakikuwa na mwanamke asiyewahi kupika kichwa cha mbuzi. Wote waliijua. Ila vigelegele vilikuwa vimeshaanza, na nani angekuwa wa kwanza kunyamaza?

Sasa sukari ninayo mimi. Kila jioni nakaa ukingoni mwa kitanda, nafumba macho, na binti yangu ananipitishia kipande cha pamba vidoleni. Nikiisikia, niseme. Ndiyo maagizo ya kliniki.

"Nasikia," nilimwambia jana.



"Mama, sijakugusa bado."